Pori la Unyamwezi na Watu Wake



Katika darasa moja la chuo chetu cha ualimu kuna ramani kubwa ya Tanzania iliyotundikwa ukutani. Siku moja mwanafunzi mmoja alikwenda akasimama mbele yake, akaweka kiganja chake chini kidogo ya jina la Tabora, akaniuliza: "Mwalimu, hapa karibu hapana majina ya miji. Je, nchi hii haina watu?" Kengele ilikuwa karibu kulia, nami nikamjibu kama walimu tujibuvyo wakati kama huo: "Hapo ni pori tupu." Jioni yake niliona haya, maana jibu lile lilikuwa nusu ya kweli tu. Leo nimekusudia kulijibu swali lile kwa taratibu, nanyi mkisikiliza.

Kwanza tuitazame nchi yenyewe. Tabora iko juu ya uwanda wa bara, yapata meta 1,200 juu ya usawa wa bahari. Si nchi ya milima; ardhi yake hupanda na kushuka kidogo kidogo, yenye miamba mikubwa hapa na pale. Penye mabonde mna mbuga, yaani nchi pana ya nyasi, yenye tope wakati wa mvua na ngumu kama sakafu wakati wa kiangazi. Penye miinuko udongo ni wa mchanga, na huko ndiko unakotawala msitu wa miyombo. Mvua ina msimu mmoja tu kwa mwaka, tangu Novemba hata Aprili; miezi iliyobaki ni ya jua. Ifikapo Septemba moshi wa moto wa nyika umetanda, na mito mingi imekatika ikawa vidimbwi.

Maji ya mvua upande wa magharibi wa Tabora huingia katika mito ya Igombe, Wala na Ugalla, kisha katika Malagarasi, na Malagarasi humwaga katika Ziwa Tanganyika. Ziwa lile likijaa hutoa maji yake kwa mto Lukuga kwenda Kongo, na Kongo huyapeleka katika bahari ya Atlantiki. Kwa hiyo tone la mvua lililoanguka juu ya paa la nyumba ya Urambo laweza kusafiri mbali kuliko mpagazi yeyote aliyetoka Unyamwezi, na wapagazi wale walisafiri sana.

Sasa tuwatazame watu. Mkoa wa Tabora una kilometa za mraba zaidi ya 76,000, na katika hesabu ya watu ya mwaka 2022 walionekana watu 3,391,679. Lakini hawakuenea sawasawa. Kaskazini, katika Nzega na Igunga, nchi ni wazi, watu ni wengi na ng'ombe ni wengi. Kusini mambo hubadilika. Wilaya ya Sikonge peke yake ina kilometa za mraba karibu 27,900, nayo ni kubwa kuliko nchi nzima ya Rwanda. Katika hesabu ya mwaka 2012 Rwanda ilikuwa na watu zaidi ya milioni 10. Mwaka huo huo Sikonge ilikuwa na watu karibu 180,000 tu, ndiyo kusema watu sita au saba kwa kila kilometa ya mraba. Hapo ndipo kilipokaa kiganja cha mwanafunzi wangu.

Mtu akisikia hesabu hizi husema upesi kwamba nchi ile Mungu aliiumba kuwa pori, maji yake ni haba, na mbung'o ni wengi, basi habari imekwisha. Maji ni haba kweli, na mbung'o wako kweli. Lakini kama hiyo ndiyo sababu yote, ingetupasa kuona pori lile lile siku zote na mahali pale pale. Habari za kale zatuonyesha vingine, na bahati yetu ni kwamba njia kuu ya misafara ilipita hapa, na baadhi ya waliopita waliandika walichokiona.

Njia ile ilitoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikafika Unyanyembe ambako ndiko Tabora, kisha ikaendelea hata Ujiji. Wapagazi wake wengi walikuwa Wanyamwezi, na mzigo wa kawaida ulikuwa kadiri ya frasila mbili, yaani ratili 70: pembe za ndovu kwa kwenda pwani, nguo, shanga na nyaya kwa kurudi. Katika njia ile walipitishwa pia watu waliofungwa minyororo, wala si haki kuitaja njia bila kuwataja wao.

Mwingereza Richard Burton na mwenzake Speke waliifuata mwaka wa 1857. Walifika Tabora, ambako wakati ule waliita Kaze, tarehe 7 Novemba, siku ya 134 tangu kuondoka pwani. Leo garimoshi huenda kutoka Dar es Salaam hata Tabora kwa muda wa siku moja hivi, nasi twalalamika likichelewa.

Baina ya Ugogo na Unyamwezi palikuwa na sehemu iliyoogopwa na misafara yote. Jina lake Mgunda Mkali. Mgunda ni shamba; lakini shamba hili lilikuwa la miiba na vichaka vilivyoshikamana, na visima vyake vilikuwa mbali mbali. Wasafiri walipokuwa Ugogo walinung'unika kwa sababu ya hongo, maana kila mtemi aliwatoza nguo kabla ya kuwaruhusu kupita na kuteka maji. Walipoingia Mgunda Mkali hongo ilikwisha, nao wakatambua faida ya kulipa hongo: penye mtu wa kukutoza ndipo penye mtu wa kukuuzia mtama. Hapa hapakuwa na wa kutoza wala wa kuuza. Msafara ulifanya terekeza, yaani uliondoka mchana wa jua kali, ukaenda hata usiku, ukalala pasipo maji, ukaondoka tena alfajiri ili ukifikie kisima kabla ya jua kuwa kali. Aliyeugua njiani mara nyingi aliachwa. Speke alipopita tena mwishoni mwa mwaka 1860 wapagazi wake wengi walimtoroka kwa njaa, wakatupa mizigo.

Hata hivyo, Mgunda Mkali haukuwa mtupu. Katikati yake, mahali paitwapo Jiwe la Mkoa, Wakimbu walikuwa wamekwisha kufyeka na kulima, na Burton aliwakuta. Stanley alipopita mwaka wa 1871 aliona kwamba Wakimbu walikuwa wameongeza mashamba na vijiji mahali palipojulikana kuwa pori. Kwa nini walikuja kukaa katika nchi mbaya namna ile? Nadhani jibu si gumu. Mwenye kisima na ghala la mtama katika Mgunda Mkali alikuwa na wanunuzi wenye njaa kila mwezi wa kiangazi. Njia iliyowaua wasafiri ndiyo iliyowavuta wakulima.

Sasa sikilizeni jambo la pili, ambalo ni kinyume cha hilo. Mbele ya Mgunda Mkali, ndani ya Unyamwezi yenyewe, palikuwa na nchi ya Rubuga, na baada yake Kigwa. Burton alipita Rubuga mwaka wa 1857 akaiona ina watu wengi na vyakula vingi. Stanley alifika na kitabu cha Burton akilini, akitazamia kuona neema ile ile, akakuta vijiji vilivyoteketea na mashamba yaliyoanza kumezwa na msitu. Katika miaka 14 tu! Udongo ulikuwa ule ule, mvua ile ile, visima vile vile. Kilichobadilika ni mambo ya wanadamu.

Mambo yenyewe yalikuwa haya. Mnywa Sele, mtemi wa Unyanyembe, mwana wa Fundikira, aliwatoza wafanya biashara Waarabu ushuru wa bidhaa zao. Wao wakakataa, wakamwondoa yapata mwaka wa 1860, wakamweka Mkasiwa badala yake. Mnywa Sele hakukubali. Alitangatanga kandokando ya njia na watu wake, akipigana, akiwa na rafiki huku na adui huku, hata akauawa mwaka wa 1865. Rubuga na Kigwa zilikuwa katikati ya ugomvi ule, nazo zikaangamia. Watu wa vijiji vile hawakuwa na neno na ushuru. Hawakupata faida kwa kutozwa kwake wala kwa kukataliwa kwake.

Baadaye akatokea Mirambo, mtemi wa Uyowa, mtu mwenye akili nyingi na asiyechoka, aliyeziunganisha nchi nyingi ndogo kwa nguvu za rugaruga wake, na ambaye nchi ya Urambo inalichukua jina lake hata leo. Mwaka 1871 alifunga njia ya Ujiji, Waarabu wakamwendea kwa vita. Mwezi wa Agosti waliuteka mji uliozungukwa na boma huko Ulyankulu, wakabeba pembe na mateka, na walipokuwa wanarudi Mirambo akawavizia njiani akawavunja. Baada ya siku chache alikuja akachoma sehemu ya Tabora. Lishikeni jina hili la Ulyankulu, maana tutalirudia. Mirambo alifariki mwezi wa Desemba mwaka 1884.

Vita vya miaka ile vilifanya jambo moja ambalo wenye kuandika habari za wafalme hulipita haraka. Viliwakusanya watu. Familia zilizokuwa zimetawanyika, hapa nyumba tatu, pale nyumba tano, zilikimbilia ndani ya maboma yaliyozungushiwa miti na minyaa. Mashamba ya mbali yakaachwa. Shamba likiachwa miaka mitatu, vichaka huota. Vichaka vikiota, swala na ngiri hurudi. Na nyuma ya wanyama hao huja mbung'o, ambaye hupenda kivuli na hawezi kukaa mahali palipofyekwa wazi. Kisha baada ya mwaka 1890 ikaja sotoka, ambayo ilifagia ng'ombe wa Afrika ya Mashariki karibu wote. Ng'ombe na mbuzi ndio wanaokula machipukizi; wasipokuwapo, msitu husonga mbele bila kizuizi. Mwezi wa Januari mwaka 1893 Wajerumani waliuvunja mji wa mtemi Isike karibu na Tabora, naye akajilipua kwa baruti badala ya kushikwa. Ilipokuja vita ya mwaka 1914 hata 1918 wanaume wengi walichukuliwa kubeba mizigo ya majeshi ya pande zote mbili, na wengi hawakurudi. Mimi huona kwamba kila jambo katika hayo lilimpa mbung'o ekari zake.

Deni lile lililipwa katika miaka ya 1920. Mwaka 1922 ugonjwa wa malale ulionekana katika nchi ya Maswa, kisha ukaonekana katika nchi za magharibi, Tabora na Kigoma. Mtu huumwa na mbung'o, hupata homa, huvimba tezi, na asipotibiwa akili yake huharibika, halafu hufa. Serikali ya Waingereza wakati ule ilimweka daktari aliyeitwa Maclean kuushughulikia ugonjwa huu, na shauri lililofuatwa lilikuwa kuwaondoa watu waliotawanyika porini na kuwakusanya katika makazi makubwa yaliyofyekwa, ili mbung'o wakose kivuli na wagonjwa waonekane mapema.

Je, shauri hilo lilikuwa jema au baya? Nimewasikia wazee wakibishana juu yake kwenye baraza moja hata chakula kikapoa. Mmoja atasema: ndugu zangu wangekufa wote, lakini waliletwa karibu na dawa wakapona. Mwingine atasema: walituondoa penye visima vyetu, penye mizinga yetu na makaburi yetu, wakatuweka penye mchanga uliochoka upesi. Naona wote wawili husema kweli. Malale ilipungua. Na nchi kubwa sana iliyokuwa na watu wachache ikabaki haina mtu kabisa, ikarudia miyombo, nyuki na tembo. Na wageni waliokuja baadaye walidhani imekuwa hivyo tangu mwanzo.

Dhana hiyo iligharimu fedha nyingi. Mwaka 1946 bwana mmoja, John Wakefield, alitumwa kutoka Uingereza kutafuta nchi ya kulima karanga kwa mitambo. Uchunguzi ule ulichukua wiki tisa tu, na shauri lililoletwa lilikuwa la ekari 3,210,000. Urambo ilichaguliwa kuwa moja ya mahali patatu, pamoja na Kongwa na Nachingwea. Sifa mojawapo ya nchi hizo machoni mwao ilikuwa uchache wa watu: hapana wengi wa kuondoa, hapana wengi wa kubishana nao. Hawakuwauliza sana wazee kwa nini watu ni wachache. Matrekta yalivunjika juu ya visiki, mvua haikufuata maandishi, na mwezi wa Januari mwaka 1951 shauri lote lilifutwa, baada ya kuteketeza pauni milioni 36 hivi. Lililobaki Urambo ni barabara na mashamba yaliyofyekwa, na baadaye kilimo cha tumbaku, ambacho kimewapa watu wengi fedha na kula kuni nyingi sana za kukaushia majani.

Sasa turudi Ulyankulu. Mwaka 1972 watu wengi wa Burundi walikimbia mauaji ya nchi yao, na serikali yetu ikawapa nchi za kukaa na kulima katika mapori ya magharibi. Moja ilikuwa Ulyankulu, mahali pale pale palipokuwa na mji wa boma mwaka 1871. Nyingine zilikuwa Katumba na Mishamo. Walipewa majembe na ardhi yenye msitu, wakafyeka, na baada ya miaka michache walikuwa wakiuza chakula. Lakini Ulyankulu ilijaa mno kuliko maji na udongo wake ulivyoweza kuvumilia, ikapasa wengine wahamishiwe Mishamo kuanzia mwaka 1978. Angalieni basi: nchi iliyohesabiwa kuwa tupu ilijaa katika miaka sita. Tangu mwaka 2014 waliokubaliwa katika makazi yale walianza kupewa hati zao za uraia, nao ni Watanzania kama mimi na wewe.

Hesabu za karibuni zaonyesha mwendo mpya. Mwaka 1978 mkoa wa Tabora ulikuwa na watu kadiri ya 818,000. Mwaka 2022 idadi imezidi mara nne. Wafugaji kutoka Usukuma wamekuwa wakishuka kusini na ng'ombe zao kwa miaka mingi, wakipita Tabora hata Katavi na Rukwa. Barabara ya lami sasa yakata vichaka vya Itigi, ulikokuwa Mgunda Mkali, na maji ya Ziwa Victoria yameletwa Tabora kwa mabomba, jambo ambalo kirangozi wa zamani angelicheka kama hadithi ya sungura. Upande mwingine, nchi ya mto Ugalla imefanywa hifadhi ya taifa mwaka 2019, na anayetaka kuingia humo hana budi kupata ruhusa. Kwa hiyo penye pori lile lile leo pana mlima tumbaku, mfugaji, mrina asali na askari wa wanyama pori, kila mmoja na haki yake mkononi, na mara nyingi hufika mbele ya baraza la kijiji kwa maneno makali.

Kabla ya shule kufungwa nilichukua wanafunzi wachache, yule wa ramani akiwamo, tukaenda kusini na mzee mmoja mrina asali ambaye bado hutundika mizinga ya magome. Tulitembea ndani ya miyombo asubuhi nzima pasipo kuona hata moshi. Kisha mzee akasimama. Mbele yetu palikuwa na miembe mitano, mikubwa sana, katikati ya msitu, na chini yake mwamba wenye mashimo laini ya kusagia nafaka, zaidi ya ishirini. Kando yake palikuwa na kisima kilichofukiwa nusu. Mzee alisema kwamba mahali kama pale kwa Kinyamwezi huitwa itongo, na kwamba baba yake alizaliwa pale kabla ya watu kuhamishwa kwa ajili ya malale.

Tuliketi kivulini tukala viazi tulivyochukua. Halafu mzee, pasipo kuulizwa, alianza kutaja wenye nyumba kama alivyoambiwa na baba yake, nyumba kwa nyumba, akionyesha kwa kidole tangu kisima hata mwembe wa mwisho: huyu alikuwa mhunzi, huyu alikwenda pwani mara tatu na mzigo begani, huyu alikuwa na wake wawili na mizinga sitini. Mwanafunzi yule alitoa daftari lake akaandika. Alipofunga daftari alikuwa na majina kumi na manne.